Tabo ya Kupandia Kitonga

Semi-trela la bosi Kihwele lilikuwa na injini kubwa, lakini tabo yake, ile inayoisukumia injini hewa ipate nguvu, ilikuwa imekufa. Dukani Morogoro zilikuwepo mbili: mpya ya injini kubwa, na kuukuu ya injini ndogo, ya bei chee.

"Funga hiyo kuukuu," Kihwele alimwambia fundi.

"Bosi," alisema Shemdoe, dereva wake, "nimebeba saruji. Mlima Kitonga hatupandi na hiyo, tutarudi kinyumenyume."

"Anayepanda ni wewe, si mimi."

"Kweli, bosi. Mimi na mama mkwe wako."

Kihwele alishtuka. "Mama mkwe wangu?"

"Si anakuja kwako Iringa kumwona mjukuu? Atalipaje nauli na mkwe ana lori?" Shemdoe akamnyooshea simu. "Mpigie basi, mwambie hakuna lifti."

"Una wazimu? Nimwambie hivyo mkwe wangu?" Kihwele aliisukuma ile simu kama kaa la moto. "Fundi! Funga mpya!"

Tabo ilipokwisha kufungwa, lori liliondoka likipiga mluzi. Kihwele akalipita na gari lake dogo, awahi kuchinja kuku kabla mkwe hajafika. Alipoingia nyumbani alimkuta sebuleni, amempakata mjukuu.

"Mama! Umelitanguliaje lori?"

"Lori gani, baba? Nimekuja na basi la alfajiri. Yule dereva wako ana adabu jamani! Ndiye aliyenikatia tiketi."