Daraja Lililopigiwa Hodi

Paukwa!

Pakawa!

Nyie wa nyuma sijawasikia. Paukwa!

Pakawa!

Haya, kaeni vizuri, maana mtu wa ngano hii hakukaa hata siku moja, na mimi nikisimulia habari zake magoti yananiwasha.

Hapo kale, huko milimani, palikuwa na mto uitwao Kivumo. Ng'ambo hii kijiji cha Kwemboza, ng'ambo ile kijiji cha Kwemtindi. Kati yao palikuwa na daraja la magogo, na aliyelitunza ni seremala mmoja wa Kwemboza, Shekulavu. Akila anasimama. Akinywa anatembea. Akilala, miguu inakwenda.

Wasiwasi wake ulikuwa na sababu. Binti yake wa pekee, Nakunda, aliolewa Kwemtindi, naye alikuwa na mimba ya kwanza. Kwa watu wale mtoto wa kwanza huzaliwa nyumbani kwa babu mzaa mama. Akizaliwa kwingine, husemwa maisha yake yote kwamba hana kwao. Mama yake Nakunda alikwisha kufariki, amebaki baba tu. Masika yanakuja, uchungu unakuja, na daraja linaoza.

Asubuhi moja daraja likaita: "Shekulavu wee, ninalowa!"

Akalipaka mafuta ya nyonyo. Hata wiki haikupita.

"Shekulavu wee, ninalowa!"

Akang'oa magogo mabovu, akatia ya mwerezi. Hata mwezi haukupita.

"Shekulavu wee, ninalowa! Mbona wewe unalala chini ya paa?"

Shekulavu akatazama paa lake, akatazama daraja. Kisha akanyakua shoka, huyoo msituni.

Akasimamisha nguzo, akalaza boriti, akaziba ubavu huu na ubavu huu kwa mbao. Watu wakaja wakamkuta juu anaezeka nyasi. Wakacheka mpaka wakashika mbavu.

Mzee Shemzigwa, mkubwa wa kijiji, hakucheka. "Shekulavu, paa ni la nyumba. Nyumba ina mwenyewe. Hii mwenyewe nani?"

"Mwenyewe mimi! Nirushie hizo nyasi!"

Lo! Mdomo huponza kichwa. Watu wale walikuwa na adabu zao: nyumba ya mtu haiingiwi bila hodi, na hodi haiitikiwi ila na watu wa nyumba hiyo.

Kesho yake akaja mfinyanzi na vyungu vyake. "Hodi!"

"Karibu!" akaitika Shekulavu toka juu ya paa.

Akaja mchunga mbuzi. "Hodi!"

"Karibu!"

Akaja muuza chumvi. "Hodi!"

"Karibu, karibu, piteni nyote, niacheni nifanye kazi!"

Hawakupita pamoja. Kila mmoja alisimama akangoja aambiwe "karibu" ya peke yake. Shekulavu akaitika mpaka sauti ikamkauka, na mwisho akamaliza kuezeka.

Masika yakashuka kwa hasira. Siku ya kwanza Nakunda hakuja. Ya pili hakuja. Ya tatu Shekulavu akashindwa kungoja. Akavuka mbio, akashika njia ya mlimani kumfuata.

Nakunda naye, masikini, alikuwa analetwa kwa njia ya bondeni! Wamembeba kwa machela, mama mkwe wake yuko mbele, uchungu umekwisha kumshika. Wakafika darajani.

"Hodi!" Kimya.

"Hodi, wenyewe!" Kimya.

"Hodi jamani, tuna mgonjwa!" Mto tu ndio uliovuma.

Wabebaji wakaweka machela chini kwenye matope. "Mama, hii ni nyumba ya mkwe. Tutaingiaje kama wezi?"

Mama mkwe akashika kichwa. Mvua inampiga mwana wa watu, na yeye amefungwa miguu na heshima. Nakunda akajiinua, akashika mbao.

"Ninyi bakini na hodi zenu. Mimi hapa ni kwa baba yangu. Mtu hapigi hodi kwao!"

Akaingia peke yake. Akatembea hatua, akapiga goti, akatembea tena. Nje wanasikia akiugua, na hakuna aliyethubutu. Kisha humo ndani, pakavu, kikalia kitoto.

Mama mkwe akaruka. "Mwenyewe ameitika! Mwenyewe amesema karibu!" Akaingia mbio na kanga mkononi.

Shekulavu akarudi amelowa chapachapa, anataka kupenya. Wabebaji wakamzuia.

"Taratibu, baba. Piga hodi. Mwenye nyumba yumo ndani, amezaliwa humo."

Shekulavu akafungua kinywa. Kabla ya hodi, machozi yakatangulia.

Tangu siku ile mpita njia alisema hodi akapita palepale, maana wenyewe walisema: mtoto alikwisha kutukaribisha sote.

Basi, adabu ni nzuri, lakini adabu inayomwacha mwenye uchungu mvuani ni ukatili uliovaa kanzu. Ngano yangu imevuka, ikaniacha ng'ambo hii na ninyi. Na wewe uliyekalia kigoda changu, hukupiga hodi. Ondoka!