Siku Pipa Alipoketi

"Mpo?"

"Tupo!"

"Na masikio mmekuja nayo?"

"Tunayo, mawili mawili!"

"Basi paukwa!"

"Pakawa!"

Pakawa na mto, na kando ya mto pakawa na akina mama wawili waliojifungua wiki moja. Mmoja alikuwa Kiboko, mwenye mwili kama nyumba. Mtoto wake aliitwa Pipa, kwa hiyo yeye akaitwa Mama Pipa. Wa pili alikuwa Pimbi, yule mnyama mdogo wa kwenye mawe, asiyejaa hata kikapu. Mtoto wake aliitwa Njugu, na yeye akaitwa Mama Njugu.

Kila mwezi Korongo alikuja kuwapima watoto. Alifunga kamba kwenye tawi, akawaning'iniza mmoja mmoja. Njugu akaning'inizwa: tawi likanyamaza. Pipa akaning'inizwa: kraaa! Tawi likagusa ardhi.

"Mnaona?" Mama Pipa akasema. "Mnaona mtoto huyo?"

Mwezi wa kwanza, kraaa! Mwezi wa pili, kraaa! Hadi mwezi wa tano ilikuwa kraaa tu, na Mama Pipa akawa anatembea kifua mbele, njia nzima ni yake.

Mwezi wa sita Korongo hakufunga kamba. Alikuja na maswali.

"Anageuka mwenyewe, kutoka tumboni kwenda mgongoni?"

"Anageuka," akasema Mama Njugu.

"Anaketi bila kushikwa?"

"Tangu Jumanne."

"Meno?"

"Mawili, ya chini."

"Anasema chochote?"

"Ba-ba-ba-ba," akajibu Njugu mwenyewe.

Korongo akamgeukia Mama Pipa. "Na wako?"

Mama Pipa akamtazama Pipa. Pipa alikuwa amelala kifudifudi, anatafuna mchanga.

"Wangu mzito," akasema.

"Leo sijauliza uzito, mama. Anaketi?"

"Hapendi."

Korongo akatabasamu. "Usijali. Kila mtoto ana siku yake, na wako ana afya. Ila sasa wote muwaanzishie chakula, maziwa peke yake hayatoshi tena. Boga lililopondwa ni zuri." Akakunjua mabawa, puruu, akaenda zake.

Korongo alisema maneno mengi, lakini Mama Pipa aliondoka na neno moja tu: boga.

Wivu ukamwingia mpaka kwenye kwato. Akienda kunywa maji, anamwona Njugu ameketi. Akienda malishoni, anasikia ba-ba-ba. Akilala, anaota meno. Siku moja akashindwa kuvumilia, akamuuliza Mama Njugu, "Shoga, hilo ni jino kweli au mmebandika kokoto?"

Mama Njugu akafungua mdomo wa mwanawe, akagonga kwa kijiti. Ti! Ti!

"Jino, dada."

Mama Pipa akarudi nyumbani na hasira. "Ni boga," akajiambia. "Anamlisha boga kwa siri, siku nyingi."

Sasa, kando ya mto palikuwa na maboga yaliyojiotea, mali ya kila mtu. Mama Pipa akayaingilia. Akayasukuma kwa pua, mengine yakiwa bado na mashina yake, yakawa rundo moja, akajilaza mbele yake.

"Hakuna mtoto atakayeonja boga," akatangaza, "mpaka Pipa aketi!"

Yeye mwenyewe akala kumi papo hapo. Anayaonja kama yamekomaa, alisema.

Mama Nungunungu akaja, mtoto analia njaa. "Dada, nusu tu."

"Pipa ameketi?"

"Bado."

"Basi bado."

Mama Ngedere akaja. "Mwenzangu, kipande tu."

"Pipa ameketi?"

"Bado."

"Basi bado."

Mama Njugu akaja. Huyo hakuulizwa hata swali. Kiboko alifungua mdomo wote, ukaonekana mpaka kooni. "Wewe! Ukisogea, nitakukalia!"

Siku tatu watoto walilia. Njugu akaacha ba-ba-ba yake, akawa ananyonya vidole tu na kumtazama mama yake. Hapo ndipo Mama Njugu alipowaita wenzake wawili, wakanong'ona kidogo. Kisha akambeba Njugu mgongoni, akaenda kusimama mbele ya Kiboko.

"Mama Pipa, nimekuja kukupa siri. Njugu hakuketi kwa boga. Aliketi kwa mchezo."

Kiboko akasimamisha masikio. "Mchezo gani?"

"Mlaze Pipa hapa mbele yako, yape maboga mgongo. Funika macho kwa jani, uimbe, 'Mama hayupo, hayupo, hayupo.' Mtoto atakutafuta. Akicheka, funua useme, 'Huyooo!' Lakini asipocheka, usifunue. Ukifunua mapema, Njugu anamzidi mwezi mwingine mzima."

"Mwezi mzima?"

"Mzima, dada."

Kiboko hakutaka kusikia zaidi. Akang'oa majani mawili ya yungiyungi, akajifunika macho yote.

"Mama hayupo, hayupo, hayupo..."

Nyuma yake Mama Nungunungu akaanza kukata mashina ya maboga kwa meno. Kwaru-kwaru! Kwaru-kwaru!

"Mbona nasikia kwaru-kwaru?"

"Ni jino la Pipa linatoka. Usifunue!"

"Jino!" Kiboko akatetemeka kwa furaha. "Mama hayupo, hayupo, hayupo..."

Mama Ngedere akaanza kuyasukuma maboga kuelekea kwenye mawe. Bingiri-bingiri! Bingiri-bingiri!

"Mbona nasikia bingiri-bingiri?"

"Ni Pipa anageuka. Usifunue!"

Mama Njugu alisema uongo huo bila hata kumtazama Pipa. Alipomtazama, akasogea karibu aone vizuri. Pipa alikuwa ameona kitu cha duara kinapita nyuma ya mama yake. Akakifuata kwa macho. Kikapotea nyuma ya lile tumbo kubwa. Akanyoosha mkono, akasukuma mguu, bingiri! Akageuka kweli, kutoka tumboni kwenda mgongoni, halafu tena.

"Amegeuka?" akauliza Kiboko.

"Amegeuka," akasema Mama Njugu, na safari hii sauti ilikuwa ndogo.

"Mama hayupo, hayupo, hayupo..."

Boga moja likamponyoka Ngedere, likaanguka. Pu!

"Mbona nasikia pu?"

"Ni Pipa anajifunza kuketi. Ameanguka kidogo. Usifunue!"

Na Pipa, kwa kutaka kuona hilo pu limetoka wapi, akaweka mkono wa kushoto chini. Akaweka wa kulia. Akasukuma. Akayumba huku, akayumba kule. Akaketi! Ameketi wima, bila kushikwa, shingo imenyooka. Boga la mwisho likapita mbele ya macho yake, bingiri-bingiri, Ngedere analifuata mbio, mkia juu. Pipa akacheka. Keh! Keh! Keh!

"Huyooo!" Kiboko akatupa majani.

Akaona mtoto ameketi. Akageuka nyuma, akaona mchanga mtupu.

"Maboga yako wapi?"

"Maboga gani, dada? Mtoto ameketi!"

Kiboko akatazama nyuma, akatazama mbele. Akafungua mdomo apige kelele. Pipa naye akafungua wake.

"Ma-ma-ma," akasema Pipa.

Yule Kiboko mkubwa akapiga magoti. Machozi yakamtoka, to! to! to! kama mvua inayoanza.

"Alianzaje?" akauliza. "Niambie, shoga. Mimi sikuona."

"Aliweka mkono wa kushoto."

"Halafu?"

"Akaweka wa kulia. Akayumba."

"Akayumba vipi? Nionyeshe."

Mama Njugu akaonyesha. Kiboko akataka tena. Akaonyeshwa mara tatu, na kila mara Pipa alisema ma-ma-ma, na kila mara Mama Njugu aligeuza shingo kumtazama Njugu mgongoni mwake.

Nyumbani Mama Njugu akaponda boga. Mama Nungunungu na Mama Ngedere walikuwa wanacheka mpaka wanashika mbavu, watoto wao wana maboga hadi kwenye nyusi. Njugu akala, akashiba, akacheua. Mama yake akamweka chini mbele yake, akamkazia macho.

"Njugu, mwanangu. Sema ma-ma."

"Ba," akasema Njugu.

"Ma-ma."

"Ba-ba-ba-ba!"

Boga la Mama Njugu likapoa kwenye bakuli. Hakuligusa.

Basi, hadithi yangu naitua hapa, mgongo umechoka. Atakayepita njia hii aibebe.

"Na fundisho, Bibi?"

Fundisho ni kwamba msilinganishe watoto. Kabisa! Ni tabia mbaya. Mimi kifungua mimba wangu aliketi ana miezi minne na siku tisa, akaota jino kabla ya mtoto wa Bi Mwanaisha pale jirani, ambaye alikuwa amemtangulia kuzaliwa. Lakini mmewahi kunisikia nikilitaja? Sisemi.