Mshika Upawa Hula Mwisho

“Mshika upawa hula mwisho.”

Mmemsikia mjomba wenu akiyatamka hayo leo kikaoni, alipochaguliwa kusimamia mirathi, wazee wote wakaguna kwa kukubali, nanyi mkabaki mnatazamana. Sasa mnakuja kuniuliza yametoka wapi. Mnadhani ni maneno ya jikoni. Thubutu! Yametoka mahakamani, tena kinywani mwa mtu aliyeyasema huku hajui anajisema mwenyewe. Halafu ninyi vijana mnaisema methali nusu, nusu nyingine mmeimeza. Haya, sogeeni, na huyo anayechezea simu aiweke chini. Chimbuko lake ni hili.

Hapa hapa Mvureni, huku juu milimani Upare, alikuwepo mtu aitwaye Eliwaza. Alilima tangawizi kama sisi sote, lakini sifa yake ilikuwa kwenye sufuria. Iwe harusi, iwe msiba, iwe kipaimara, hakuna shughuli iliyopikwa pasipo yeye. Akisimama mbele ya pilau na upawa mkononi, watu walitulia. Mtoto alipata, mgeni alipata, na yule bibi aliyechelewa kwa sababu ya miguu alikuta nyama yake imefunikwa pembeni. Yeye mwenyewe hakutia hata punje mdomoni mpaka kila mtu awe ameshika sahani. Pilau likibaki, alikula. Lisipobaki, alikwenda kwake kula kiporo cha ugali, na alikwenda anapiga mluzi.

Baba yake, Mzee Anaeli, alipougua, Eliwaza ndiye aliyemuuguza. Miaka miwili mizima alimbeba kumtoa nje aote jua, akamwogesha, akamlisha uji kwa kijiko. Mdogo wake, Ombeni, alikuwa kazini Tanga, akija mara moja kwa mwaka. Dada yao, Nietiwe, kitindamimba, alikuwa amerudi nyumbani baada ya ndoa kumshinda. Alikaa na mama yao, Bi Nakundwa, na kulima shamba la bondeni kando ya mfereji. Mzee alipofariki walimzika kwa heshima zote.

Matanga yalipoisha, ukoo ukakaa kikao. Muhtasari ukaandikwa kwamba Eliwaza ndiye asimamie mirathi ya marehemu. Walimchagua kwa kauli moja, na sababu yao ilikuwa ile ile sufuria: mtu anayewapakulia watu mia tano bila manung'uniko, atashindwaje kuwagawia ndugu zake wawili na mama yake?

Eliwaza akashuka Mahakama ya Mwanzo na muhtasari wake na cheti cha kifo. Karani akabandika tangazo ubaoni, mwenye pingamizi ajitokeze. Siku zilizowekwa zikapita, asijitokeze mtu. Hakimu, mama mmoja mtulivu mwenye miwani, akampa barua ya usimamizi yenye muhuri, akamwambia, “Ndani ya miezi minne uniletee orodha ya mali yote na namna ulivyoigawa.”

“Ndiyo, Mheshimiwa,” Eliwaza akaitikia. Lakini masikio yake hayakuwa kwa hakimu. Macho yalikuwa kwenye ule muhuri, na jina lake kamili limeandikwa kwa mashine juu yake. Maisha yake yote hakuwahi kuona jina lake limeandikwa vizuri namna ile.

Basi hapo ndipo alipokosea, na kosa lenyewe hata leo watu wanalifanya, msicheke. Alidhani akishateuliwa msimamizi, mali ni yake. Barua akaipeleka mjini ikavikwa plastiki, akaitundika sebuleni kwake kando ya picha ya harusi. Akachukua koti la marehemu, lile refu la baridi, akawa anatembea nalo hata jua likiwaka. Ng'ombe wa Mzee akamswaga hadi zizini kwake. Akapanda tangawizi yake kule bondeni, katikati ya matuta ya Nietiwe. Moyo ulipomsuta, alijiambia, “Nani alimbeba baba mgongoni? Ombeni alikuwa wapi?” Na kweli, alikuwa amechoka, yule bwana. Hakujiona mwizi hata kidogo. Alijiona mtu aliyelipwa na Mungu.

Siku moja asubuhi akafika kwa mama yake, hakukaa.

“Nietiwe,” akasema, “kile chumba chako nimempangisha mwalimu mgeni. Mwezi huu ukiisha, utafute pa kwenda. Mama atabaki, mimi sina neno.”

Nietiwe alikuwa anachambua maharage. Mikono ikasimama. Alikuwa na chumba kile kimoja tu duniani, na shamba lile la bondeni ambalo kaka yake alikuwa amekwisha lipanda. Machozi yakamtoka bila sauti.

Bi Nakundwa akamtazama mwanawe kuanzia kola ya koti mpaka chini. “Mimi nitabaki kwa ruhusa ya nani?”

“Mama, si barua ninayo? Ina muhuri wa serikali.”

“Mimi sijui kusoma,” akasema Bi Nakundwa, akajifunga kitenge chake sawasawa. “Ichukue hiyo karatasi yako. Twende kwa aliyekupa, akatusomee.”

Eliwaza hakukataa. Angekataaje? Aliona vema mama asomewe, mambo yaishe. Wakashuka mlima watatu, yeye mbele na barua yake kwapani, inang'aa kwa plastiki kama kioo cha saluni.

Hakimu aliwapokea ofisini, akawapa viti. Bi Nakundwa akaeleza shida yake kwa maneno machache. Hakimu akaichukua barua, akaigeuzageuza ile plastiki, akaonekana anazuia tabasamu, kisha akaisoma kwa sauti, polepole, neno kwa neno, mpaka kwenye muhuri.

“Pameandikwa nyumba ni yake?” akauliza Bi Nakundwa.

“Hapana, mama.”

“Na ng'ombe?”

“Hapana. Wala shamba.”

“Lakini Mheshimiwa,” Eliwaza akadakia, “jina ni langu!”

Hakimu hakupandisha sauti. “Ndugu Eliwaza, unafanya kazi gani?”

“Mkulima, Mheshimiwa. Na mpishi wa shughuli.”

“Hakuna anayemfikia,” akasema Bi Nakundwa. Jamani, mama ni mama! Amekuja kumlalamikia, bado anamsifia.

“Watu wakiwa wengi, anayepakua ni nani?”

“Mimi.” Eliwaza akajiweka sawa kitini, sasa alikuwa ameulizwa mambo anayoyajua. “Upawa simpi mtu. Ukimpa asiyejua, nyama zitaishia meza ya mbele.”

“Kwa hiyo lile pilau ni lako.”

Eliwaza akacheka. “Liwe langu tena? La mwenye shughuli na wageni wake, Mheshimiwa! Mimi nimekabidhiwa tu nigawe.”

“Na wewe unakula wakati gani?”

“Mwisho! Nikianza mimi, nani atauamini mkono wangu? Vijana wanaojifunza kwangu nawaambia siku ya kwanza kabisa: mshika upawa hula mwisho.”

Aliyasema kwa kifua mbele, sauti ikasikika mpaka kwa karani nje. Hakimu akavua miwani, akaisukuma ile barua juu ya meza mpaka ikagusa vidole vya Eliwaza.

“Basi upawa wenyewe ndio huu,” akasema.

Eliwaza aliitazama barua, akamtazama mama yake, akashindwa kumtazama Nietiwe. Jasho likaanza kumtiririka ndani ya lile koti. Akalivua, akalikunja, akaliweka magotini, na aibu aliyoisikia siku ile, mwenyewe alisema baadaye, hata angeunguza pilau la harusi asingeisikia.

“Nilimuuguza, Mheshimiwa,” akasema kwa sauti ndogo. “Miaka miwili.”

“Najua, mama yako ameniambia. Lakini hilo si la kujiamulia wewe. Waeleze wenzako. Wakiona unastahili kuongezwa, wataongeza wao. Ulishaona wapi mpakuaji akajiongezea minofu mbele za watu?”

Ndipo Nietiwe akasema, mara ya kwanza tangu watoke nyumbani. “Kaka, mimi sikuja kukushtaki. Nimekuja kwa sababu sina pengine pa kwenda.”

Maneno hayo ndiyo yaliyomwangusha. Akafunika uso kwa lile koti akalia, mtu mzima na ndevu zake. Mama yake hakumbembeleza. Alimngoja tu amalize. Hakimu naye akangoja. Halafu akamweleza upya, kama mtu anayemfundisha mgeni njia: aorodheshe mali yote, hata jembe; wakae wote wakubaliane kila mrithi apate nini, mtoto wa kike sawa na wa kiume; watie sahihi, asiyejua kuandika atie dole gumba; kisha walete makaratasi ayapitie. “Miezi minne haijaisha,” akasema. “Bado una muda wa kupakua vizuri.”

Jumamosi iliyofuata Ombeni alikuwa amefika kutoka Tanga. Wakakaa uani. Eliwaza akasimama na orodha yake, akaanza na mama: nyumba na ng'ombe. Ng'ombe mwenyewe alikuwa amekwisha rudi zizini tangu juzi, na ule mpango wa mwalimu ulikuwa umekufa kimyakimya. Nietiwe akapata shamba la bondeni, na tangawizi iliyokuwa ndani yake akaachiwa, pole ya matuta yake. Ombeni akapata shamba la kahawa na migomba. Kilichobaki kilikuwa kipande kimoja cha mawe, chini ya shamba la Nietiwe, ambako maji ya mfereji hayakuwahi kufika tangu enzi za babu.

“Hiki changu,” akasema Eliwaza. Ombeni akataka kubisha, Eliwaza akamnyamazisha kwa mkono, vile vile anavyowanyamazisha wenye haraka kwenye harusi.

Wakashuka tena mahakamani, wote wanne. Hakimu akasoma kila mstari, akamuuliza kila mmoja, “Umeridhika?” Kila mmoja akasema ameridhika. Faili likafungwa.

Siku hiyo Bi Nakundwa alikuwa amepika makande, chungu kizima. Majirani walivyosikia mambo yamekwisha salama wakaingia mmoja mmoja kutoa pongezi, na nyie mnajua pongezi za Mvureni, haziji bila tumbo. Eliwaza akashika upawa, ndio mazoea yake. Akapakua, akapakua, mpaka akakwangua chungu, na sahani yake ikapata vijiko viwili na maharage ya kuhesabu. Akatabasamu, akakaa kwenye kigoda ale hicho hicho.

Bi Nakundwa akanyoosha mkono, akaichukua ile sahani. Akatia vijiko viwili vya makande yake. Akampa Ombeni, Ombeni akatia. Majirani nao, hawakuambiwa na mtu. Ilipomfikia Nietiwe ilikuwa imejaa, naye akaongeza tu, akaipeleka kwa kaka yake kwa mikono miwili.

“Kaka,” akasema, “mfereji unaishia kwangu. Kesho njoo na jembe. Tuurefushe upite shambani kwangu, ushuke mpaka kwenye yale mawe yako. Mawe tutayatoa sote.”

Eliwaza akaishika sahani, akashindwa kula. “Hii ni nyingi mno,” akasema.

“Kula, mwanangu,” akasema Bi Nakundwa. “Mshika upawa hula mwisho, kweli. Lakini halali njaa.”

Akala yote. Na jioni alipokuwa anapanda kwenda kwake, watu walimsikia anapiga mluzi, mluzi ambao haukuwa umesikika tangu siku alipoivika barua plastiki. Lile shamba la mawe ndilo mnalopita kila siku mkienda shule, lile lenye tangawizi inayowafika magotini.

Kwa hiyo siku mjomba wenu atakapokabidhiwa barua yake yenye muhuri, msimwonee wivu, wala msimwonee huruma. Na methali muiseme yote, msiikate mkia: mshika upawa hula mwisho, lakini halali njaa.