Ofa ya Desemba kwa Bosi Masumbuko

Kila Desemba Bosi Masumbuko, tajiri wa kompyuta pale Mwanza, alipandisha bei mara mbili, kisha akatundika bango: NUSU BEI! Chini yake aliandika: Hujaridhika? Rudi na risiti, tukubadilishie kwa bidhaa ya thamani ileile.

Nyamizi, digrii mkononi na kazi hana, alikuwa amepata kibarua cha kuchora ramani, sharti aje na laptop ya maana. Dukani kwa Masumbuko hiyo ilikuwa milioni moja. Yeye alikuwa na laki tano.

“Nipunguzie, bosi, please.”

“Sista, digrii yako kafungie vitumbua! Laki tano utapata hii.” Akamsukumia laptop kuukuu, bati linalokoroma kama mashine ya kusaga. “Juzi ilikuwa milioni, wallahi!”

“Kumbe! Basi niandikie hivyo kwenye risiti, nikawaringie wenzangu.”

Bosi akaandika kwa mbwembwe: thamani halisi, milioni moja.

Kesho yake Nyamizi alirudi, foleni imefika mlangoni.

“Sijaridhika, bosi. Nibadilishie kwa ile ya milioni.”

“Una wazimu? Bati hilo halifiki hata laki tatu!”

Foleni nzima, kila mtu akisubiri kulipia bati lake kama lile, ikasogea kusikiliza.

“Rudia, bosi,” alisema Nyamizi. “Wa nyuma hawajasikia.”

“Natania tu, jamani!” Bosi alicheka, jasho likimtiririka, akamfungia ile ya milioni.