Pilau ya Siku ya Kitambaa Chekundu

Hapo zamani, na si zamani sana maana pua zetu bado zinakumbuka, palikuwa na mji wa wachoma chokaa. Chokaa iliwalisha, moshi wa matanuri ukawakohoza. Kila asubuhi Mzee Ussi alipanda juu ya paa la msikiti, akatazama kilima cha mbali, akatundika kitambaa. Akikiona kilima vizuri, kijani: vuteni hewa. Akikiona kwa shida, manjano: wenye pumu, wazee na watoto wasipige mbio. Asipokiona kabisa, chekundu: ingieni ndani, fungeni madirisha.

Siku ya harusi ya Zuwena kilitundikwa chekundu. Zuwena alikuwa na pumu, na mama yake, Bi Mwanakheri, alimwogopea kupita kiasi. Akafunga madirisha. Akafunga milango. Akaziba nyufa kwa kanga. Lakini harusi bila pilau ni aibu, na uani hakukaliki. Basi akaziingiza seredani za mkaa ndani, hadi mlangoni mwa chumba cha biharusi.

"Shoga, hatutafukizwa humu?" jirani akauliza.

"Mkaa ukishakolea hauna moshi," akajibu Bi Mwanakheri.

Zuwena akaumwa kichwa. Wanawake wakacheka: biharusi gani haumwi kichwa? Akainamisha shingo. Wakamsifu: hiyo ndiyo haya, mtoto kalelewa. Akalala, akiitwa haitiki. Wakasema aachwe apumzike, nao wakaenda chumba cha mbele kujinyoosha, maana vichwa vyao navyo vilikuwa vizito.

Faki, mdokozi aliyejulikana na kila chungu mjini, akafuata harufu. Akavunja dirisha, akanyakua sufuria ya pilau, akaificha nyuma ya ukuta. Akarudi kufuata kachumbari, ndipo akamwona Zuwena amelegea kama kitambaa kilicholowa. Akambeba nje huku akipiga kelele. Watu wakatoka na fimbo, wakijua sasa Faki anaiba na mabiharusi.

Huko nje hewa ilikuwa safi. Upepo ulikuwa umegeuka tangu adhuhuri, ila Mzee Ussi alikuwa amesinzia, na kitambaa chekundu bado kinapepea. Zuwena akakohoa, akafumbua macho. Bi Mwanakheri akalia kwa furaha, kisha akalia kwa kujua kuwa hewa ya mkaa wake, isiyo na moshi, ilikuwa karibu kumuua mwanawe.

Desturi ya mji ule ilikuwa hivi: biharusi aliyeokolewa humpakulia mwokozi wake sinia la kwanza, na apewaye sinia husamehewa kosa lake la siku ile. Wasiopewa huhukumiwa. Sufuria ikarudishwa, na ghafla waokozi wakawa wengi.

"Sinia ni langu," akasema Mzee Ussi. "Bila kitambaa changu, moshi wa asubuhi ungemmaliza."

"Na kusinzia je?" akauliza Faki.

"Nilisinzia mimi. Kitambaa kilikuwa kazini."

Bi Mwanakheri akasema, "Aliyemkinga na moshi huo ni mimi. Tena nisingepika ndani, Faki angefuata nini?"

"Aliyembeba ni mimi," akasema Faki.

"Ulibeba pilau kwanza."

"Pilau ndiyo iliyokuwa karibu na dirisha, mama."

Zuwena akainua sinia. Akamtazama Mzee Ussi, akamtazama Faki, akamtazama mama yake, ambaye hakuthubutu kuinua macho. Sinia lilikuwa moja.

Haya, nyinyi mnaovuta hewa hii hii pamoja nami: je, ni nani aliyestahili kupakuliwa?