Jinsi Mbwa Alivyojifunza Kuitika kwa Sauti Ndefu

Zamani hizo, kabla farasi hawajafika katika mbuga za Amerika, mbwa ndiye aliyekuwa mchukuzi wa watu. Alifungwa miti miwili mabegani, ncha zake zikiburutika nyuma, na juu yake yakapangwa mahema, vyungu, hata watoto wachanga. Mbwa wa siku hizo alijua kubweka tu. Kuvuta sauti hakujua.

Katika kambi moja aliishi mjane, jina lake Wachiwi. Mbwa wake jike, Moshi, alikuwa amemburutia mizigo miaka tisa. Mume wa Wachiwi alipofariki, Moshi alilala mlangoni pa hema siku tatu, nyama asiiguse. Tangu hapo walitembea sambamba, mkono wa Wachiwi shingoni mwa mbwa.

Kisha farasi wakaja. Mwana wa Wachiwi, Tahatan, akamletea mmoja.

"Panda, mama. Nyati wamekwenda mbali. Kwa mwendo wa mbwa tutakufa njaa."

"Na Moshi?"

"Atatufuata nyuma."

Moshi alifuata, miti yake bado mabegani, ila miguu yake ilikuwa imezeeka. Walipofika mto mkubwa, barafu ilikuwa imeanza kupasuka. Farasi wakavuka upesi. Moshi alipotokea ukingoni, barafu ilikuwa imekwisha kukatika vipande vipande.

Wachiwi akashuka arudi. Tahatan akamshika mkono. "Mama, mto utakuchukua. Na watoto wa kambi hawajala tangu juzi."

Moshi akabweka, maji yakaimeza sauti yake. Ndipo Wachiwi akainua uso, akatoa ule wito mrefu usio na maneno aliomwitia mumewe siku ya maziko. Moshi akanyamaza, akasikiliza. Akanyoosha shingo, akafumba macho, akaivuta sauti vilevile. Ikavuka mto.

Wakaitikiana mchana kutwa, kambi ikizidi kwenda, mpaka Wachiwi asisikie tena.

Majira ya joto alirudi, akavuka mto. Ukingoni alikuta miti miwili na kamba zilizotafunwa. Akaita. Kimya. Halafu, mbali nyuma ya vilima, mbwa wa kambi ngeni wakaitika mmoja baada ya mwingine, wote kwa sauti aliyoivuta Moshi. Wachiwi akasimama pale hadi jua likainama, akiitafuta ya Moshi miongoni mwao.

Na tangu siku hiyo, mbwa akisikia sauti ndefu ikitoka mbali, huacha analolifanya, akanyoosha shingo, akaitika. Anayeita hamjui. Huitika tu, huenda akawa ni Wachiwi.