Kiraka cha Kiwikoni

Wapendwa, kabla sijafika kwenye lile nililowaandalia, nivumilieni niwape habari za fundi cherehani mmoja. Msimtafute mjini, hamtampata. Nimemshona mwenyewe jana jioni kwa uzi wangu. Lakini ukiona anafanana na mtu unayemjua, nyamaza, tutamfikia.

Fundi huyu aliishi katika mji wa baridi kama huu wetu, ambao mwezi wa saba ukitoa mkono nje ya blanketi unaujutia. Na alikuwa fundi kweli kweli. Hakuwa wa wale wa "njoo kesho." Mnawajua, msigeuke kuwatazama, wengine tumekaa nao humu. Yeye akikuambia Alhamisi, ni Alhamisi. Na ukivaa nguo aliyokushonea, hata mtu mliyenuniana naye anajikuta amekusalimia.

Ila alikuwa na ugonjwa mmoja: alipenda kusifiwa. Utaniuliza, nani hapendi? Kweli. Lakini wewe na mimi tunasubiri sifa zije, tukizikosa tunanuna kimyakimya. Fundi huyu alikuwa anazifuata. Mteja akishavaa tu, hata hajageuka kwenye kioo aone mgongo, simu imeshainuliwa.

"Cheka kidogo! Sema imekukaaje! Naomba mrejesho wangu!"

Na usiposema hakuachii. Watu waliokaa kwenye benchi wakisubiri zamu zao, nao wote wanakutazama wewe. Utasema nini? Utasema imependeza. Hata kama kwapa linabana, utasema imependeza, halafu utakwenda kubanwa nyumbani kwako. Zile picha alizisafisha, akazibandika nje, ukutani pembeni ya mlango, na juu yake akaandika kwa rangi nyekundu: WATEJA WANGU WANA FURAHA.

Nisimsingizie, hakuwa mtu mbaya. Aliyemfundisha kazi alikuwa mkali wa ajabu. Miaka minne alikaa kwake, na katika miaka hiyo yote hakuambiwa "vizuri" hata siku moja. Mtu aliyenyimwa neno hilo akiwa kijana ataliomba mpaka mvi zimtoke. Mimi namhurumia, na ninyi mhurumieni.

Basi siku moja akaja mama mmoja mjane. Mumewe alikuwa amefariki mwanzoni mwa mwaka, na sasa baridi ilikuwa inaingia. Kwapani alibeba koti la marehemu, jeusi, la sufu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Naomba unipunguzie koti hili nilivae mimi. Mabega na mikono tu."

Mmesikia alivyosema? Mabega na mikono tu.

Kwenye kiwiko cha kulia cha koti lile palikuwa na kiraka. Kilikuwa cha kitambaa cha kahawia kilichokatwa kwenye suruali kuukuu, kimeshikizwa kwa uzi wa kijani, mishono mirefu, huku imepanda, kule imeshuka, kama nyayo za kuku kwenye tope. Alikishona marehemu mwenyewe, mwaka mkewe alipovunjika mkono akalazwa. Alikaa pembeni ya kitanda na sindano, anashona, anajichoma, analamba kidole, anaendelea. Mama alicheka mpaka mkono uliofungwa plasta ukamuuma. "Nikipona nitakifumua nikishone vizuri," akamwambia. Akapona. Hakukifumua. Miaka tisa walikwenda kanisani pamoja, yeye amemshika mumewe kiwiko, pale pale kwenye kiraka.

Je, habari kama hizo mtu anamweleza fundi mbele ya benchi la watu? Hakumweleza. Aliacha koti akaenda zake.

Fundi akapunguza mabega, akapunguza mikono, kazi safi. Akafika kwenye kiwiko. Jamani! Ile mishono ilimkera kama mchanga kwenye wali. Akasema moyoni, mama wa watu, mjane, nimwache atembee na aibu hii? Na kwa moyo mweupe kabisa akakikata kile kiraka na nyuzi zake, akakaa siku nzima akilifuma lile tundu uzi kwa uzi, mpaka usingejua kama pamewahi kutoboka. Alifanya bure, kwa upendo. Kiraka chenyewe kilikuwa kizito, na fundi hatupi kitambaa. Kanyagio la cherehani yake lilikuwa la chuma, na asubuhi za baridi chuma kile kilimgandisha mguu. Akakikunja kiraka, akakifunga pale juu ya kanyagio, mguu wake ukapata joto.

Alhamisi mama akaja. Fundi akamvisha koti mwenyewe, akarudi kwenye kiti chake cha cherehani ili picha imchukue mzima. Mama akapeleka mkono wa kushoto kwenye kiwiko cha kulia. Akapapasa. Akapapasa tena. Palikuwa laini.

"Ehee! Umeiona kazi hiyo?" fundi akasema, simu iko juu. "Hakuna fundi mwingine mji huu angekuondolea kile kitu pasibaki alama. Hiyo ni zawadi yangu kwako. Haya mama, cheka! Sema neno, watu wasikie!"

Mama akalitazama benchi. Akaitazama simu. Akautazama uso wa yule fundi, unavyosubiri, unavyotaka. Angefanyaje? Angemwambia mtu aliyemfanyia wema kwamba wema wake umemchoma?

"Imependeza," akasema. "Mungu akubariki, mwanangu."

Na machozi yakamtoka. Fundi akapiga picha. Na wakati anapiga picha ile, ndugu zangu, mguu wake wa kulia ulikuwa wapi? Mmeshapaona.

Picha ile ndiyo iliyokuwa kubwa kuliko zote ukutani. Chini yake fundi aliandika: MTEJA ALIA KWA FURAHA.

Mama alilikunja koti akaliweka sandukuni. Mwezi wa sita ukaja, wa saba ukaja, yeye anatembea na vitenge viwili begani. Zamani njia yake ya kwenda kanisani ilipita mbele ya duka la fundi. Sasa akaanza kuzunguka nyuma, kwenye mashine ya kusaga, kwenye tope, asikutane na picha yake mwenyewe. Maana watu walikuwa wanamsimamisha. "Si wewe yule mama uliyelia kwa furaha?" Naye anajibu, "Ndiyo, ni mimi." Ukishasema imependeza mara moja, wapendwa, utaisema mpaka uchoke.

Asubuhi moja ya manyunyu fundi alipeleka mahindi mashineni, wakakutana uso kwa uso kwenye kile kinjia cha nyuma. Mama anatetemeka midomo.

"Mama, vipi, koti halikukaa?"

"Limekaa, mwanangu. Zuri sana."

"Mbona hulivai, na baridi yote hii?"

"Nalitunza."

Fundi akarudi dukani, lakini hakuingia. Alisimama nje mbele ya ukuta wake, akaitazama ile picha kubwa. Kwa mara ya kwanza aliitazama bila kusoma alichokiandika mwenyewe. Akaona mdomo umecheka. Akaona mkono wa kushoto umekishika kiwiko cha kulia, kama mtu anavyoshika palipoumia. Akatazama na wengine. Huyu anacheka amepandisha bega moja. Yule anacheka ameshika shingo. Ukuta mzima wa watu, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumwambia kitu. Akaingiwa na upweke ambao hajawahi kuujua, na amezungukwa na sifa pande zote.

Kesho yake akamsubiri mama kwenye kinjia cha nyuma, akamwomba aje akae kidogo tu dukani. Akafunga mlango. Benchi lilikuwa tupu. Simu akaitia kwenye mtoto wa meza. Kisha akakaa pale anapokaa siku zote, kwenye cherehani, mguu juu ya kanyagio.

"Mama, leo sikuombi mrejesho. Nimekuumiza wapi?"

"Hujaniumiza. Koti ni zuri."

Fundi hakujibu. Akanyamaza. Mnajua kunyamaza kulivyo kazi kwa mtu mwenye njaa ya neno? Mvua ilikuwa inagonga bati, na yeye akasubiri, mpaka mama akaanza kusugua kitenge chake kwa vidole.

"Ulitoa kiraka," akasema polepole.

"Kile kibaya?"

"Kibaya sana." Akatabasamu kidogo. "Alikishona marehemu mwenyewe, mimi nimelazwa. Ndipo nilipokuwa namshika tukienda kanisani. Sasa nikishika pale, simkuti."

"Mama yangu, mbona hukuniambia siku ile?"

"Ungeniuliza ningekuambia. Hukuniuliza, mwanangu. Uliniambia cha kusema."

Fundi akainamisha kichwa. Na macho yake yakafika chini, kwenye mguu wake. Akauinua polepole. Akatoka kwenye kiti, akapiga magoti kwenye sakafu ya duka lake, akafungua kile alichokuwa amekifunga kwa mikono yake mwenyewe. Kimelowa mafuta ya cherehani, kimebonyea alama ya kisigino. Lakini uzi wa kijani ulikuwa bado upo, pande tatu.

"Mama," akasema, "nilikuwa nimekikanyaga."

Mama akakipokea kwa mikono miwili. Akakiweka shavuni hivyo hivyo na mafuta yake, akalia. Kilio cha safari hii hakuna aliyekipiga picha.

Likaletwa koti, ukatafutwa uzi wa kijani. "Usinyooshe," mama akasema. Basi fundi yule mwenye jina mji mzima akaanza kufuata matundu ya zamani ya sindano kwenye kiraka, moja moja, huku yamepanda, kule yameshuka. Kushona vibaya kulimshinda, akajichoma vidole mara mbili, na mama akacheka kama alivyocheka hospitalini. Mteja mmoja akasukuma mlango, akachungulia. "Fundi, leo vipi? Hata mimi nisingeshona hivyo!"

"Ndivyo anavyotaka mwenye koti," fundi akajibu bila kuinua macho. Kisha akamgeukia mama. "Hapa?"

"Chini kidogo."

"Hapa?"

"Hapo."

Mama akatoka amelivaa, amejishika kiwiko, na siku hiyo akapita njia ya mbele. Ukutani palikuwa na mahali peupe, ukubwa wa picha moja.

Haya. Mmecheka, wengine mmefuta macho, na wote mmeshamwona fundi ni jirani yenu. Niwaambie ni nani. Ni mimi.

Kila Jumapili nasimama mlango ule pale nikiwapa mikono. "Ibada ilikuwaje?" Nawauliza, lakini je, nauliza kweli? Nyuma yako kuna foleni, mbele yako kuna mimi na joho langu, nimekaza macho kama yule na simu yake. Utasema nini? "Tumebarikiwa, mchungaji." Na hapa mbele nikisema Bwana asifiwe, mkaitika, nasema sijasikia! Kwa nguvu! Leo tu nimesema hivyo mara tatu. Nimewaambia cha kusema, halafu nikakihesabu kuwa ni furaha yenu.

Yupo mtu humu ambaye siku hizi hapiti mlango wangu. Anatokea ule mdogo wa kwaya, anashuka kwenye nyasi zenye umande na viatu vyake vizuri. Miezi yote hii nilidhani ana haraka. Ndugu yangu, sikutaji. Nilikufanyia jambo kwa moyo mweupe, nikataka ucheke.

Na sisi sote je? Baba, ulipouliza mezani, "Si mnafurahi katika nyumba hii?" ulitaka jibu, au ulitaka picha ya kubandika? Sisi ni watu wa habari nzuri. Mtu ametoka kuzika juzi, ukimsalimia anaanza na "nzuri," kwa sababu amelelewa vizuri. Lile "nzuri" ni mlango tu, anaufungua aone kama utaingia. Na sisi tukishalisikia tunapokea, tunashukuru, tunaondoka. Tungesubiri kidogo tu, mvua igonge bati, angetuambia kiraka kiko wapi.

Mungu wetu hakubandika picha zetu ukutani. Anajua tunaposhika tukicheka.

Kwa hiyo leo mlangoni sitawauliza ibada ilikuwaje. Nitakushika mkono, nitakuuliza habari, utaniambia nzuri, na mimi nitabaki nimekushika. Foleni itakuwa ndefu. Ndizi zitapoa nyumbani, na zipoe. Wewe wa mlango wa kwaya, nitakuja huko huko kwenye nyasi.

Na tafadhali, mtu asiseme Amina. Bado. Tunyamaze kidogo kwanza, kila mmoja wetu ainue mguu wake polepole, atazame amekanyaga nini.